Salamu Nilizopokea kwa Ajili ya Gwakisa

Jumapili ile asubuhi nilikuwa nafua sare nyuma ya hema la zahanati. Nilikuwa muuguzi katika kikosi chetu cha kulinda amani, mashariki mwa Kongo. Gwakisa, dereva wa lori la maji na jirani yetu wa kijijini Talatala, alikuja kuniomba jambo moja: mama yangu akipiga simu, nimuulizie hali ya mama yake. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeharibika.

Saa nne tulitoka na msafara kwenda kuchota maji.

Risasi zilitoka migombani, upande wa kushoto.

Gwakisa alipigwa tumboni. Nilimburuta nyuma ya tairi, nikalibana jeraha kwa mikono yote miwili. Alitaka maji. Sikumpa; aliyejeruhiwa tumbo hapewi.

Helikopta ilipofika, alikuwa amekata roho.

Mkuu wa kikosi alitukataza kumwambia mtu yeyote nyumbani hadi familia ipelekewe taarifa rasmi. Saa kumi alasiri mama akapiga. Miezi ya baridi habari zake huwa za wagonjwa tu. Upepo wa ziwani, alisema, ulikuwa umewalaza watu. Baba hakuweza kukunja goti. Watoto wa dada walikohoa mpaka wakatapika. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, na hali yake si nzuri.

"Ila mama Gwakisa amepona kile kifua. Leo kaja kanisani kwa miguu yake. Mwambie Gwakisa."

"Nitamwambia, mama."

"Naye hajambo?"

Damu yake ilikuwa bado kwenye kucha zangu.

"Hajambo."

"Ndaga, mwanangu," alishukuru, na jioni ileile akaenda kumpa mama Gwakisa habari njema. Baada ya siku mbili maofisa wa jeshi wakafika kwake na taarifa ya kifo.

Miaka imepita. Mama alinisamehe, au aliacha tu kulitaja jambo hilo, sijui. Amri ilinikataza kutaja kifo. Haikuniamuru niseme hajambo.

Niliporudi likizo nilikwenda kwa mama Gwakisa. Alikuwa anageuza kakao juani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama mwanawe aliteseka muda mrefu.

Njiani nilikuwa nimeandaa jibu jepesi. Halikutoka.

"Karibu nusu saa, mama."

Alikaa chini, palepale juu ya jamvi, katikati ya kakao. Nikakaa pembeni yake. Hakuniambia niondoke.