Alasiri ya Kuandikwa Majina

Juzi mjukuu wangu Neema alinitoa Mbalizi mpaka Iringa, tukatafute majina ya ukoo kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia. Alisoma mwandiko wa kizamani bila kukwama, kichwa hicho! Mimi harufu ya karatasi kuukuu ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile katekista alikaa uani kwetu akiandika watakaobatizwa, kalamu inakwaruza, mahindi yanaungua jikoni. Baba alikuwa ameandikwa na watu waliotafuta vibarua wa mashamba ya mkonge, kisha lori likambeba kwenda Tanga, mpaka leo hajarudi. Kwa akili yangu ya kitoto, ukiandikwa unachukuliwa.

“Na huyu mdogo?” akauliza katekista.

Nikamkumbatia mdogo wangu Lusungu. “Huyu hana jina!”

“Mtoto mkubwa hivi? Mnamwitaje, mbuzi?”

Mama akacheka. “Anaitwa Lusungu, mwalimu. Andika.”

Nikaona mama kamtoa mwanawe hivihivi. Katekista alipopanda baiskeli, nilimfuata mbio hadi barabarani, nione kama kuna lori linamsubiri. Hakukuwa na lori. Nikarudi, nikamkuta Lusungu anasinzia mgongoni kwa mama, ndipo nikaangua kilio.