Tulipita Mtihani wa Damu, na Mdogo Wangu Karibu Afe

Admin, ficha jina langu tafadhali, na la kliniki pia. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, watoto wawili. Nafanya kazi ya maabara kwa kliniki moja hapa Kondele, na mwenye kliniki ni kaka mkubwa wa bwanangu. Nawaandikia nikiwa na wasiwasi, mkiona nimekosea mnisamehe.

Kwa wale hamjui, sisi watu wa maabara pia hufanya mtihani. Kila baada ya muda tunaletewa chupa ndogo za damu kutoka nje. Waliozituma wanajua majibu, sisi hatujui. Unafaa uzipime vile unapima mgonjwa yeyote, utume ulichopata, halafu wanakuambia kama mashine yako inasema ukweli.

Sasa hapa kwetu kuna tabia. Chupa zikifika, shemeji anampigia rafiki yake mwenye maabara kule Nyamasaria, wanaulizana, nyinyi mmepata ngapi? Safari iliyopita nilipima wingi wa damu, na kila chupa mashine yetu ilisoma juu kuliko yao. Nikamwambia shemeji turudie. Akasema nisimletee mambo mengi, akaandika majibu ya Nyamasaria, akatuma. Mimi nikanyamaza. Ni shemeji, na ndiye aliyenipa kazi.

Majibu yakarudi, tumepita. Shemeji alinunulia kila mtu soda. Wenzangu wakicheka, mimi nilielewa kitu. Kama majibu ya Nyamasaria ndiyo ya kweli, basi mashine yetu inadanganya. Inamwambia mtu damu yake inatosha na haitoshi. Na wanaokuja kupimwa hicho kitu kwetu wengi ni wajawazito.

Nilimfuata ofisini nikamwomba tusimamishe mashine, fundi aiangalie. Hakunipigia kelele hata. Aliniambia, "Tumepita. Wewe unataka nini tena?"

Hapo ndipo nikamkumbuka mdogo wangu. Anauza samaki ufuoni Dunga na ana mimba ya miezi minane. Nilikuwa nimempima mwenyewe, kwa mashine hiyo hiyo, nikamwambia damu yako iko sawa kabisa, wewe ni uvivu tu wa mimba. Tulimcheka, jamani. Kila akisema kichwa kinazunguka tunamwambia aache kudeka.

Siku hiyo nilitoka kazini bila kuaga, nikaenda moja kwa moja hadi Dunga. Nilimkuta ameketi kando ya beseni lake, anahema, na hakuwa amebeba kitu. Midomo imepauka. Nikamwambia twende hospitali ingine sasa hivi. Akakataa, ananishangaa. "Si ni wewe uliniambia niko sawa?"

Nilimvuta kwa nguvu, watu wakituangalia. Huko hospitali daktari alimfunua jicho tu, akaita nesi. Walipopima, damu ilikuwa chini sana, wakamlaza na kumwongezea damu. Daktari alisema angefika siku ya kujifungua hivyo, akitoka damu kidogo tu, tungempoteza. Halafu akauliza ni nani alimwambia damu yake iko sawa. Mdogo wangu aliniangalia, akasema hakumbuki. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala woga.

Sasa ameanza kupata nguvu, na bwanangu anasema basi, Mungu amesaidia, niache hiyo maneno. Anasema nikimchoma kaka yake kwa kumripoti, nisirudi kwake. Mama mkwe hanisalimii. Na mashine bado inafanya kazi. Leo asubuhi mama mmoja aliyekaribia kujifungua alinyoosha mkono nimtoe damu, nikamnong'oneza aende hospitali kubwa. Shemeji alinisikia. Alinitazama tu, na hiyo ndiyo imenitisha zaidi. Nitanong'onezea wangapi? Na wale walioshapimwa wakaenda zao, wengine wametoka mbali huko ufuoni, nitawapata wapi?

Chupa zingine za mtihani zimefika jana. Ziko kwa friji. Shemeji amesema nisiandike chochote mpaka aongee na Nyamasaria. Nikituma kile mashine yetu inasema, tutaanguka, waliozituma watakuja kuuliza, na nyumba yangu itavunjika. Nikituma ya Nyamasaria, tutapita tena, tunywe soda tena.

Jioni nilimpelekea mdogo wangu uji. Aliunywa wote, akanishika mkono. Akaniuliza, "Na wale wamama tulikaa nao kwa benchi siku ile ulinipima, umewaambia?"

Kesho ni siku ya kliniki ya wajawazito na mimi ndiye nafungua mlango. Wenye kunipa neno, naomba mnipe kabla hakujakucha. Ningekuwa mdogo wenu, mngeniambia nifanye nini?