Kura ya Katibu

Tangu asubuhi Mama Makochi hatulii. Kitambaa cha kochi kakipigilia ndani nje, akakibandua, akakipigilia vilevile tena. Chai kaitia sukari mara mbili. Leo chama cha mafundi samani kinachagua mwenyekiti, na yeye anagombea. Akishinda atagawa vibanda upya, na wanawake sita waliosukumwa kule nyuma, ambako mteja hafiki ila kapotea njia, watahamia mbele barabarani.

Miaka kumi na mmoja amekuwa katibu. Walimpa ukatibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri, wakadhani wamemheshimu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Yeye alikuwepo kila mkutano, na lake halikuwepo vilevile. Mawazo yake yamejaa daftarini, yote yakianza na "Mwenyekiti alisema", tena kwa mkono wake mwenyewe! Hilo humchoma kuliko yote.

Walikutana kwenye karakana ya mwenyekiti, mzee wa vitanda. Mzee akakohoa.

"Dada yetu mchapakazi, hatubishi. Lakini uenyekiti una mambo mengi. Nyumbani si anahitajika?"

"Kwani wewe kwako huhitajiki, mzee?" akauliza seremala wa milango, aliyempendekeza.

Watu wakaangua kicheko. Mama Makochi hakucheka. Alikuwa akiyaandika daftarini.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, katibu akahesabu kama kawaida. Mzee, kumi na tisa. Yeye, kumi na tisa. Akarudia. Kumi na tisa.

"Sare," mzee akasema haraka haraka. "Andika, katibu: aliyepo anaendelea."

Kalamu ikagusa karatasi, na hapo ikasimama. Miaka yote hiyo anahesabu mikono ya watu, hajawahi kunyoosha wake. Hakuna aliyemkataza. Mkono ulikuwa na kazi tu, na yeye mwenyewe hakuliona.

"Kuna mmoja hajahesabiwa," akasema.

"Nani tena?"

Akanyoosha mkono. "Mimi."

Zogo likazuka. Mzee akafungua katiba ya chama, akapekua, akaifunga.

"Ni mwanachama au si mwanachama?" seremala akauliza. Hakungoja jibu. "Basi ishirini."

"Haya," mzee akasema, amenywea. "Sasa hayo nani anayaandika?"

Macho yote yakamgeukia Mama Makochi. Mkono wake ukaanza wenyewe kuifuata kalamu. Akaukalia.