Tilapia wetu wa Buterere wametoroka na dawa mwilini

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Hili halikusimuliwa kwangu, limenikuta mwenyewe, na hadi naandika roho haijatulia.

Nina bwawa la tilapia hapa Buterere pamoja na Déo, kaka wa mke wangu. Banda la nguruwe tumelijenga juu ya maji kabisa, sakafu ni mbao zenye nafasi. Kinyesi kinadondoka, maji yanakuwa ya kijani, samaki wananenepa.

Msinicheke, wengi tunafuga hivyo.

Nguruwe wakaugua ngozi. Déo akaleta dawa ya kuoshea banda, kwenye chupa imeandikwa nano. Eti ni chembe ndogo mno za fedha, madini yale ya pete. Harufu ikapungua, tukafurahi. Hakuna aliyewaza kwamba maji ya kuoshea nayo yanadondoka kulekule.

Baadaye samaki wakawa wanapanda juu kila asubuhi, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nikamshika mmoja nikamfunua matamvua. Badala ya wekundu nikaona kijivu na utelezi.

Tukamwita afisa mifugo. Akasema kinyesi kikizidi kinamaliza hewa ya maji, na chembe za madini huenda zinaumiza matamvua, kwa hiyo wamebanwa pande mbili. Kuhusu kuwala alisema hajui, tusubiri vipimo.

Hilo "sijui" lilininyima usingizi.

Kabla ya vipimo, mvua. Buterere mnaijua, ni bondeni, maji hayana pa kwenda. Bwawa likafurika, tilapia wakaingia mashamba ya mpunga, mtaa mzima ukatoka na ndoo na vyandarua.

Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wasile. Wengine wakaona ni uchoyo tu, samaki wamenitoroka sasa nawasingizia sumu.

Kwa Mama Furaha, jirani yetu kutoka Kongo, nikakuta sufuria imeshaepuliwa na watoto wanalamba vidole.

"Karibu, papa. Na we kula. Ni samaki yako, mi siwezi kukunyima."

"Mama, apana. Iyo samaki iko na dawa mubaya."

Akaniangalia kwa utulivu. "Kama iko mubaya, ulikuwa unamufugia nani?"



Nilichojifunza: kabla ya kumwaga dawa yoyote bandani, jiulize maji yake yanaishia wapi.

Mwenye ujuzi anisaidie hapa chini, hata kama ni kunitukana. Aliyekula samaki hawa inakuwaje? Watoto wa Mama Furaha wanacheza nje sasa hivi, na kila mmoja akikohoa nasimama kwenda kuchungulia.