Duara la Kwenye Kioo

Waliotufukia nawajua. Wa kwanza ni mwenye duara, yaani shimo la dhahabu tulilochimba, yule wa kofia ya pama na viatu vyeupe, ambaye hakuwahi kushuka chini hata kuchungulia. Wa pili ni msimamizi wake, aliyetuamuru tung'oe matimba ya nyuma tuliyoegemezea kuta, tukayafunge mbele, ili magogo mapya yasinunuliwe. Majina siyaandiki. Wana mama zao, na mama zao hawakumkosea mtu. Lakini tuliochimba Mwakitolyo miaka ile ya tisini tunajuana.

Duara lilipoporomoka, wenzangu wawili walibaki humo. Mimi nilitolewa na mguu huu ambao mpaka leo unakwenda kwa upande kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Shule niliishia darasa la nne. Kwa hiyo kazi niliyopata Nyasubi, pale Kahama mjini, ilikuwa kufagia na kuwasha jenereta kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa. Chumba cha nyuma binti yake aliweka kompyuta mbili kuukuu za kufundishia watu kuchapa. Sote tulimwita Dada.

Siku moja Dada alileta diski yenye programu ya kutengenezea michezo. Unachora mtu kwenye vimraba vya kioo, halafu unampa amri: akigusa hiki, kitokee kile. Basi. Akanikuta nimeegemea fagio, natazama.

"Kaka, kaa."

"Mimi Kiingereza sijui, Dada."

"Kwani mbuzi anakijua? Chora mbuzi."

Nikachora. Fundi cherehani wa barazani akanyoosha shingo dirishani. "Huyo mbuzi? Mbona fisi mwenye mimba?" Nikamwambia aje achore wake. Akaja, na kesho yake akarudi, na mama muuza maandazi wa stendi akamfuata kuona kinachowachekesha.

Sisi Wasukuma tukishavuna tunashindanisha ngoma. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanahama wapendavyo, kutoka kwa manju huyu kwenda kwa yule. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Refa hayupo. Kompyuta nazo zilikuwa mbili, kwa hiyo hatukuhitaji kufundishwa. Kila Jumamosi, soko likilegea, mmoja anaweka mchezo wake huku, mwingine kule, na chumba kinaamua. Ukishindwa, hununi. Unaomba diski ya aliyekushinda, unaongeza kitu chako, unamrudishia. Ndivyo mbuzi wa Mama Maandazi, aliyekuwa akila maandazi kwenye sinia lake, alivyoishia kuzurura juu ya duara langu.

Maana mimi nilichora duara. Mchimbaji anashuka, anafunga matimba, anafuata dhahabu. Matimba yakiisha anaweza kurudi kuyang'oa ya nyuma. Niliuacha mchezo uruhusu ujinga wote tulioamrishwa. Juu, kando ya mbuzi, amesimama mtu wa viatu vyeupe. Kofia yake aliishona fundi, kimraba kwa kimraba.

Asubuhi moja akaja mdogo wangu wa kuzaliwa, kabeba blanketi.

"Mwangaluka, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Blanketi la wapi?"

"Kuna duara jipya. Gari litatuchukua hapa stendi Jumamosi, mimi na vijana wenzangu."

"La nani?"

Akaangalia chini. "La yule yule. Lakini amebadilika, kaka."

"Amebadilisha nini, viatu?"

"Kaka, huo ni mguu wako unaongea. Siyo wewe."

Nikachukua fagio. Mdogo wako akikwambia hivyo, unafagia tu.

Jumamosi walikaa barazani na mablanketi yao wakisubiri gari. Jua lilipowachoma wakaingia ndani. Chumba kizima kilikuwa upande wa Mama Maandazi, wanacheka. Mdogo wangu, kwa kunionea huruma nadhani, akakaa kwenye kompyuta yangu.

Alianza vizuri. Akafunga matimba, akasonga. Yakaisha, na dhahabu ikawaka mbele yake. Hakufikiri hata. Akarudi nyuma, akang'oa. Kioo kikawa udongo mtupu.

Akacheza tena, akang'oa tena. Vijana wenzake wakamsogelea. "Ng'oa la kulia, bwana!" Udongo. Kwenye mchezo wangu aliyefukiwa haondoki; kichwa chake kinabaki palepale, na anayeshuka baadaye anakipita. Ndipo mdogo wangu akagundua kwamba vichwa viwili vya chini kabisa havikuwa vyake.

"Hawa wawili nimewakuta. Ni nani?"

"Unawajua. Ulikula nao kwangu."

Akaondoa mkono kwenye kipanya. Nilipoinua macho, chumba chote kilikuwa kimehamia kwetu, na Mama Maandazi pia, sinia kichwani.

Yule msimamizi akaingia. "Nyie! Gari linaondoka!" Akaona kioo, akaona kofia. "Nani kachora upuuzi huu?"

"Kaa ucheze, bwana," Mama Maandazi akamwambia. "Unaogopa katuni?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. "Shikamoo, mkuu. Matimba mmepakia?"

"Yako huko huko."

"Huko wapi? Kwenye duara la zamani?"

Msimamizi akakohoa, akatazama saa, akasema wavivu hawatajiriki. Gari likaondoka bila mtu. Baadaye likarudi limejaa magogo mabichi, na vijana wakayagonga moja moja kuyapima kabla ya kupanda. Msidhani mwenye duara aliona haya. Alikosa watu, basi. Kwangu hakuja kutoa pole, na sijamsamehe.

Mvua zilipoanza mdogo wangu alirudi, miguu yote miwili mizima. Akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Mchezo wako una kasoro, kaka. Mtu hawezi kukataa kushuka."

Kweli. Sikuwahi kuliwaza hilo. Wakati wetu halikuwepo. Dada akatuonyesha amri ya kutumia, mdogo wangu akachora mwenyewe: mchimbaji anamgeuzia mgongo mtu wa kofia, anakaa chini karibu na mbuzi, na kofia inabaki juu ya shimo peke yake. Jumamosi ile tukaweka diski, nikawasha jenereta, na Mama Maandazi akaanza kulalamika, kabla hata mchezo haujaanza, kwamba tumemwibia watu wake.