Kadi Mbili za Matondoni

Daktari wetu alipofika Lamu, miaka michache baada ya uhuru, alishuka botini na sanduku la nguo na sanduku la kadi. La kadi lilikuwa kubwa zaidi. Alilifungua kabla hajaoneshwa chumba chake cha kulala, akatuita: mimi, muuguzi kutoka milima ya Taita ambaye bado nilikuwa sijazoea chumvi ya maji ya kisima; dresa, mzee wa mji aliyefunga vidonda pale tangu enzi ya Waingereza; na karani wa masijala. Kadi zenyewe zilikuwa ngumu, na pembeni kote zimetobolewa vitundu.

Alituambia kwamba Ulaya alikosomea, hospitali zilikuwa zimeanza kutumia mashine za hesabu zenye ukubwa wa chumba. Zilisoma kadi zenyewe na kutoa jibu kabla mtu hajamaliza chai yake. Mashine hizo zilitaka umeme na mafundi. Sisi tulikuwa na karabai. Kwa hiyo tungeanza na kadi za aina hii, ambazo mashine yake ni mkono.

Kila kitundu kilikuwa na maana yake. Hiki ni kijiji cha Faza, hiki Kiunga, hiki Matondoni. Hiki ni malaria, hiki kifua kikuu. Upande wa chini ilipangwa miezi ya mwaka, na kila mgonjwa alipokuja kitundu cha mwezi ule kilikatwa. Mgonjwa akiwa na kifua kikuu, karani alikata ukingo wa kitundu hicho kwa koleo kama la kondakta, kikawa mwanya. Ukitaka kuwajua wote wenye ugonjwa huo, unazikusanya kadi pamoja, unapitisha ufito wa chuma katika kitundu hicho, unainua, unatikisa. Zenye mwanya zinaanguka. Nyingine zinabaki zikining'inia kwenye ufito.

Dresa alizitazama zikianguka mezani.

"Na mtu akipona?" akauliza.

"Tunakata mwanya wa kupona," daktari akasema.

"Na akifa?"

"Kuna kitundu chake pia."

Dresa akasema hewala, akarudi kwenye vidonda vyake.

Karani ndiye aliyefurahi. Kabla ya hapo kumtafuta mgonjwa ilikuwa kazi ya kuulizana ukoo. Majina ya Lamu ni machache na watu ni wengi. Karani alianza na jina la mtu, akaenda kwa baba, kwa babu, kwa mtaa, na mara nyingine mgonjwa alikuwa ameshapata nafuu kabla faili halijaonekana. Sasa alitikisa tu. Alitikisa hata pale ambapo hapakuwa na haja, akidai anafanya mazoezi.

Faida kubwa tuliiona kwa wagonjwa wa kifua. Siku hizo matibabu yalikuwa marefu, vidonge na sindano kwa miezi mingi, na watu wengi waliacha mara tu kikohozi kilipotulia. Zamani tulijua mtu ameacha siku aliporudi anatema damu. Sasa, kila mwisho wa mwezi, karani alizitenga kadi za kifua, kisha akapitisha ufito katika kitundu cha mwezi ule. Waliokuja wakaanguka. Aliyebaki juu ndiye ambaye hakuja.

Mwezi mmoja walibaki juu wawili, wote wanawake, wote wa Matondoni. Niliwajua kwa sura. Mmoja alikuwa mke wa fundi wa majahazi, mrefu, mwenye kuchagua maneno. Mwingine alikuwa mjane mfupi, mpole, aliyekuja siku tofauti na ya mwenzake, na kila mara alijifunika buibui mpaka puani hata akiwa peke yake na mimi.

"Nenda," daktari akaniambia. "Wakiacha katikati, ugonjwa utarudi na dawa haitausikia."

Tulikwenda kwa punda, mimi na dresa, na sanduku la dawa. Njiani dresa alinipa onyo moja.

"Ukifika usitaje kifua. Sema umekuya kuamkia."

Nyumba ya fundi ilikuwa imejaa wanawake. Wengine walichagua mchele, wengine walisugua masufuria, na chumba cha ndani mtu alikuwa akipigwa hina. Dresa alibaki nje barazani na wanaume, wakaanza mazungumzo ya mbao. Mimi niliingia na sare yangu nyeupe, na kelele zote zikakoma.

Mke wa fundi aliinuka. Uso wake ulikauka, lakini ulimi haukumwacha.

"Karibu, Bi Nesi. Nalikualika, nikadhani ndia itakushinda."

Hakuwa amenialika. Nilimshukuru kwa mwaliko. Akanitambulisha kwa wageni kama rafiki yake wa mjini, akaniambia binti yake anaolewa Ijumaa, kisha akanionesha mama wa bwana harusi, aliyekaa mahali pa heshima kwenye mkeka mpya. Alikuwa yule mjane. Aliponiona alianza kuyatazama maboriti ya dari, moja baada ya jingine.

Nilikaa. Nililetewa kahawa na halua. Sikuwahi kufundishwa chuoni mtu afanye nini hapo.

Mwenye nyumba alinivuta ghalani, akafunga mlango.

"Mkwe wangu akijua nina kifua, harusi imekufa," akasema. "Watasema nyumba hii ina maradhi. Binti yangu hataposwa tena."

Nikamwambia kwamba siwezi kusema habari ya mgonjwa wangu kwa mtu yeyote. Nilichemsha bomba la sindano jikoni, kando ya sufuria ya pilau. Mpishi aliuliza ni nini. Nikasema ni vyombo. Nikamchoma palepale ghalani, kati ya magunia, naye hakutoa hata sauti.

Nilipotoka, mjane aliniomba nimsindikize chooni, kwa kuwa mimi ni mgeni kama yeye. Huko akanishika mkono.

"Nimeona umenifuata mpaka huku. Nakuomba, mwenye nyumba asijue. Hatampa mwanangu binti yake."

Nikamwambia kwamba siwezi kusema habari ya mgonjwa wangu kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeyasema hayo muda mfupi tu uliopita, kwa hiyo yalitoka vizuri. Nikarudi jikoni kuchemsha tena.

"Vyombo?" mpishi akauliza.

"Vyombo," nikasema, nikarudi chooni kumchoma mjane.

Kilichofuata hakikuwa katika uwezo wangu. Sindano ile ilichomwa kwenye tako, na iliuma. Wanawake wale wawili walirudi kukaa kwenye mkeka mmoja, wakitazamana, na kila mmoja akaegemea upande wa kulia kama jahazi lililopakiwa vibaya. Mazungumzo yalikuwa juu ya mapazia. Yaliendelea kidogo, kisha yakafifia.

"Bi," mwenye nyumba akasema polepole, "mbona umekaa upande?"

Mjane alimtazama naye alivyokaa.

"Na wewe?"

Mwenye nyumba alinigeukia mimi, kisha akaligeukia sanduku langu. Mimi nilikula halua. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimevunja ahadi mbili kwa pamoja.

"Tangu lini?" mwenye nyumba akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu Ramadhani. Na wewe?"

"Kabla yako."

Mjane aliuteremsha ukingo wa buibui kutoka puani. Mwenye nyumba akamsogezea mto wa kukalia, upande ule uliokuwa ukiuma, na mjane akaanza kuteka, kama wasemavyo Waamu, kicheko chembamba kisicho na sauti, mpaka mabega yakatikisika. Mwenzake akamfuata. Wageni wengine walidhani ni furaha ya harusi, na mmoja wao akapiga kigelegele.

Siku mbili kabla ya nikaha walikuja hospitalini pamoja, na punda wawili, wakiwaleta bibi na bwana harusi wapimwe, kila mmoja kwa wakati wake ili wasionane. Daktari aliwakuta salama wote wawili. Harusi ilifanyika. Nilikwenda, safari hii nimealikwa kweli.

Wakwe wale walimaliza dawa. Walikuja siku moja, saa moja, wakakaa benchi moja. Mwaka uliofuata niliwasikia kibarazani wakigombana waziwazi, kwa sauti ya kusikika sokoni, kuhusu jina la mjukuu. Walikuwa wamenenepa wote wawili, na hakuna aliyekohoa.