Mwalimu wa uhuru wa kusema alivyoikana sauti ya baba yangu

Wakuu, habari zenu. Hii si hekaya, ilitupata sisi wenyewe, na nikiikumbuka bado napandwa na hasira.

Miaka ya themanini mwanzoni tulikaa mtaa wa Makongeni. Baba alikuwa karani wa reli na nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo inaenda. Ndiyo maana watu wa pale walikuwa wakilalamika jikoni tu, mlango umefungwa.

Mimi nikajiunga na kozi ya uandishi wa habari, evening class huko tao, katikati ya jiji. Lecturer wetu alikuwa na mdomo, wacha tu. Eti redio ya kaseti imemaliza enzi ya kunong'ona, sasa hata mtu wa mtaani ana sauti. Nikameza yote.

Akatupa assignment: rekodi mtu wa mtaani akisema linalomkera. Kuhusu kuficha majina hakutuambia kitu.

Nikamwekea baba redio mezani.

Sasa, baba alikuwa mtu wa kanisa. Kwake, ukipewa nafasi ya kusema, unatoa ushuhuda. Akasimama, akafunga vifungo vya koti (sebuleni kwake, jamani).

"Bwana asifiwe. Naitwa..." Akataja jina lake lote, idara yake, mpaka namba ya nyumba. Ndipo akaanza: mifereji imekauka, na afisa wa nyumba za reli anajua, maana lori la maji linashusha kwake peke yake.

Nilitaka kumkatiza. Lakini wewe ungemkatiza mzee katikati ya ushuhuda?

Lecturer aliipenda ile kaseti vibaya sana. Akaicheza darasani, akaleta redio ya kaseti mbili, akatoa kopi kwa kila aliyetaka. Ikazunguka mtaa wa Shauri Moyo, ikarudi Makongeni, ikaishia mezani kwa yule afisa. Baba akaitwa ofisini.

Nikamkimbilia lecturer. Ombi langu lilikuwa dogo tu: aje aseme ile ilikuwa kazi ya darasa.

Hata hakuniangalia, alikuwa anapanga vitabu vyake. "Kijana, mimi nafundisha theory. Hiyo kaseti siijui. Na huko usinitaje."

Yaani huyo ndiye aliyekuwa anatuhubiria uhuru.

Baba alienda peke yake. Kaseti ikachezwa, akaulizwa kama ni yeye. Angeweza kusema ameigizwa, wakamalizana. Akajibu, "Si nimejitaja hapo mwanzo? Na maji bado hayajakuja."

Akahamishiwa stesheni ya mbali, na nyumba ikaenda. Sisi tukapakia vyombo kwenye mkokoteni, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Umoja, mama akilia njia nzima. Na lecturer? Aliendelea na kazi, na kwenye mtihani akatuletea swali la uhuru wa kusema. Nilichoka kabisa.

Nilichojifunza ni hiki: mitambo hubadilika, jana kaseti, leo simu. Itabeba sauti yako popote, lakini siku ya kuulizwa utasimama mwenyewe. Waliokushangilia na kuforward hutawaona.

Baba alipokuja likizo nilimuuliza kama anajutia kutaja jina. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa upuuzi. "Bila jina ningekuwa nimenung'unika tu, kama jikoni."

Na mimi, mtoto wake, haya yote nimewaandikia kwa jina bandia.

Haya, nisemeni. Ila anayenisema aanze kwa kutaja lake.